Kampuni Haina Mama Mkwe

Muindi alikuwa na mdomo. Kuna watu wamezaliwa na shamba, wengine na sura, yeye alizaliwa na mdomo, na haki ya Mungu aliufanyia kazi. Siku ya soko la mbuzi pale Mwingi ungemsikia kabla ujue amesimama wapi. Alikuwa dalali. Mtu anakuja na beberu mbavu zimetoka, unaweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara ya Garissa. Muindi anaishika pembe, anaanza kuisifu, na kabla amalize wewe mnunuzi unajionea aibu kwamba hujanona hivyo.

"Hii si mbuzi," angesema. "Hii ni mheshimiwa. Angalia shingo. Ukiipeleka kwako majirani watakuja kuomba kazi."

Abdulatif, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kuuza nguo akasahau kurudi, alikuwa anamwambia, "Muindi, siku utakufa watakuzika mwili kwanza. Mdomo utazikwa kesho yake, ukimaliza kuongea."

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho huo mdomo haukuwa unakigusa. Ndila, mke wake.

Sasa elewa hii maneno vizuri. Kwa Wakamba, mwanamke anakuwa wako siku umepeleka ntheo kwao. Ntheo ni mbuzi tatu. Si ng'ombe, si gari, ni mbuzi tatu tu, na mahari ile ingine inaweza kungoja mpaka uzeeke na meno yaishe. Lakini kabla hizo tatu zifike, wewe unakaa na mtoto wa wenyewe. Hata kama mumezaa, mumejenga, mumegombana mpaka majirani wamezoea sauti zenu, bado ni wa kwao. Watoto ni wa kwao. Na akikufa, ni kwao anarudishwa kuzikwa.

Huyu Muindi alikuwa ameuza mbuzi za watu mpaka amesahau nyuso zao, na hakukuwa na tatu zilizowahi kukaa mkononi mwake mpaka zifike Matinyani, kwa kina Ndila. Mwaka huu ni karo, mwaka ule ni ukame, ule mwingine ni mabati ya nyumba. Wasichana wao wawili wakakua, wakavaa viatu saizi ya mama yao, na ntheo bado iko njiani.

Halafu Ndila akaugua tumbo, wakampasua. Alipofungua macho hakuuliza maji.

"Muindi."

"Niko hapa."

"Ningekufa leo, ungenipeleka wapi?"

"Si hujakufa."

"Nimekuuliza. Ungenibeba unirudishe kwa mwaitu, kwa mama yangu, kama chupa ya soda. Umekunywa, umemaliza, chupa inarudi kwa mwenyewe."

Muindi akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakukutoka kitu. Nesi aliyekuwa anapita akamwangalia yeye, akadhani ndiye mgonjwa.

Kutoka siku hiyo hakulala vizuri. Alikuwa anaangalia Ndila akitembea pole pole, ameshika tumbo pale palipokatwa, anaona chupa. Akajiapia kwamba kabla mvua ya mwisho wa mwaka, hizo mbuzi tatu zitakanyaga Matinyani, hata kama atazibeba mgongoni.

Ndio wakati huo ikaja hii maneno ya kampuni.

Kaunti iliita watu wa soko ukumbini watoe maoni. Leseni za biashara, kodi za vibanda, kodi za ploti, zote zilikuwa hazilipwi, zimekuwa mlima. Sasa kulikuwa na mpango wa kupatia kampuni ya watu binafsi kazi ya kuzifuata, ikate asilimia yake kwa kile itakachopata. Kampuni yenyewe ilikuwa na jina refu la Kizungu ambalo hakuna mtu alijisumbua kulishika. Watu wa soko waliiita Kupe kabla hata haijaanza kazi.

Afisa mmoja mwenye tai alisimama, na lazima tuseme ukweli, hakuongea vibaya.

"Choo cha soko kimejaa," akasema. "Taa zimekufa. Mnalalamika hakuna dawa zahanati. Pesa ya hivyo vitu iko kwenu. Watu wetu wakija kuidai mnawapa chai, wanakunywa, wanarudi ofisini wameshiba na risiti hakuna."

Watu wakacheka kwa sababu ya hiyo chai. Ilikuwa kweli kabisa.

Abdulatif akainua mkono. "Mimi sikatai kulipa. Lakini askari wa kaunti ana mshahara. Nikimwambia wacha niuze kwanza, nitalipa jioni, anaweza kungoja, kwa sababu jioni atakula hata kama sijauza. Huyu wa kampuni anakula kile amenitoa. Huyo atangoja na tumbo gani?"

Ukumbi ukanguruma. Mama mmoja wa mboga akasema huyo wa kampuni atamtoa hata meno. Mwingine akasema potelea mbali, yeye amelipa kila mwaka na jirani yake hajawahi, sasa ni nani mjinga kati yao. Maneno yakawa mengi, kila upande una ukweli wake, mpaka Muindi akasimama juu ya benchi.

"Abdulatif anaogopa kwa sababu anadaiwa," akasema, na watu wakaanza kucheka kabla amalize. "Sisi watu wazima tunadaiwa miaka na miaka, tunajificha nyuma ya kikombe. Mtu akidaiwa, alipe. Leteni hiyo kampuni. Na wakinipa mimi hiyo kazi, hakuna mtu atanizungusha. Mimi nimeuzia mtu mbuzi yenye kikohozi, na akarudi kunishukuru."

Alipigiwa makofi mpaka akashuka benchi kama aliyechaguliwa. Ndila, aliyekuwa ameketi nyuma na wanawake, hakupiga.

Mlangoni alikuwa anangojwa na kijana mmoja mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linaweza kukukata. Anaitwa Kaloki, mtu wa Kasikeu kule Makueni, na ndiye kampuni ilikuwa imetuma kusimamia kazi.

"Hiyo sauti yako," Kaloki akamwambia, "inalipwa pesa ngapi hapa kwa mbuzi?"

Muindi akamwambia. Kaloki akatabasamu kama mtu ameona shilingi kwa barabara.

Mpango ukapita, kampuni ikaanza, na Muindi akapewa koti la manjano, kipaza sauti, na boksi zima la kufuli. Wengine walikuwa wanaenda kwa mdaiwa wakiwa na barua. Muindi alienda na mdomo. Alikuwa anasimama mbele ya kibanda chako, siku ya soko, watu wamejaa, anakuuza kama beberu.

"Angalieni huyu," angesema kwa kile kipaza sauti. "Amenona, hana ugonjwa, anakula mara tatu. Shida yake ni moja tu, hajui njia ya kwenda kulipa kodi. Nani atamwonyesha?"

Watu walicheka, na yule wa kibanda alikuwa analipa ili wacheke mwingine. Akawa ndiye wa kwanza kwa mapato katika ajenti wote. Kaloki akamwita profesa. Muindi, ambaye shule alitoka mapema kwa sababu ya kuuza chaki ya mwalimu, akalipenda hilo jina sana.

Halafu pole pole kicheko kikaisha.

Fundi mmoja wa nguo alilipa, akalipa tena, halafu siku moja Muindi akapita akakuta anashona kwa mkono. Cherehani ameuza. Akamwangalia tu na sindano iko mdomoni. Halafu Abdulatif akaja na simu yake imewashwa.

"Muindi ndugu yangu, nieleze. Nimelipa mwezi uliopita. Nimelipa juzi. Deni limekaa pale pale kama kobe. Hiyo pesa inaenda wapi?"

"Si ni rahisi," Muindi akasema, na akaeleza vile Kaloki alikuwa amewafundisha, na akaeleza vizuri, kwa sababu kueleza ndio kitu anajua. "Pesa ya kwanza inaingia kwa faini, kwa sababu ulichelewa. Ya pili inalipa kampuni, kwa sababu tumetembea kukufuata. Ikibaki, ndio inaingia kwa deni."

"Na inabakinga lini?"

"Ukilipa haraka."

"Nikilipa haraka," Abdulatif akasema. Akaweka simu mfukoni. "Sawa, profesa."

Vile alivyosema hilo jina, halikuwa tamu tena.

Chai nayo ikakauka. Kabla, Muindi hakuwa anapita soko bila kuitwa kwa kikombe. Sasa akipita, mazungumzo yanazimika kama redio imeisha betri. Alijiambia ni wivu. Alijiambia hivyo kila asubuhi akivaa lile koti, na mchana akawa anatafuta kivuli cha kukaa peke yake. Lakini komisheni ilikuwa inaingia, hiyo hakuna mtu angeikataa. Beberu wa kwanza akafungwa nyuma ya nyumba. Halafu wa pili. Jioni moja alikuta Ndila amechuchumaa pale, anawalisha majani kwa mkono, anaongea nao pole pole kama wageni waliotoka mbali.

"Imebaki moja," Muindi akasema.

"Imebaki moja," Ndila akasema, bila kugeuka. Halafu akacheka kidogo, na Muindi hakuwa amesikia hicho kicheko tangu hospitali.

Ile ya tatu ilikuwa mbuzi jike mweupe kwa zizi la Abdulatif. Abdulatif hakuwa anamnywesha chai tena, lakini biashara ni biashara, akakubali kumwekea. Ndila akatuma ujumbe kwa Mzee Nzau, kaka ya marehemu baba yake, ambaye ndiye sasa anasimamia hiyo boma. Jibu likarudi: Jumamosi, waje.

Wiki hiyo hiyo kampuni ikafungua kazi Matinyani.

Kaloki alituma majina kwa simu. Muindi akayapitisha kidole akiwa ameegemea pikapu ya kampuni, na kidole kikasimama. Wavinya, duka la rejareja, ploti ya mwisho karibu na kinu cha posho. Huyo ndiye watu wanamwita Mama Ndila.

Hapa tena nieleze, kwa sababu mtu wa mbali atashangaa. Mkamba na mama mkwe wake wana kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima, lakini heshima yenye miiba. Hamshikani mkono. Hamuongei mambo ya ndani. Mkikutana njiani mmoja anapinda. Anakolala huyo mama, hata kuangalia upande wa huo mlango ni makosa, na akikuona ukiwa huna nguo, au wewe umwone yeye, hiyo si aibu ya kucheka, ni kesi ya wazee na mbuzi. Vijana wa mjini siku hizi wanapiga picha na mama mkwe wakiwa wamekumbatiana. Muindi alikuwa hajafika huko, na yeye alikuwa na sababu zaidi: mtu ambaye hajatoa ntheo anajikunja zaidi kuliko aliyetoa.

Akamwendea Kaloki.

"Huyu wa mwisho, mruke."

"Kwa nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

Kaloki hakukasirika. Akasikitika hata, vile mtu anasikitikia mvua ikikupata. "Mimi pia ni Mkamba, Muindi. Najua. Lakini nikimruka huyu, kesho kila mlango utakuwa na mama mkwe. Kampuni haina mama mkwe."

"Basi mtume mwingine."

"Matinyani ni yako. Mlango mmoja ukibaki wazi, hesabu ya soko haijafungwa, na komisheni ya soko zima haitoki. Wewe si ulisema mtu akidaiwa alipe?"

Muindi akapiga hesabu kichwani. Kulipa mwenyewe hilo deni, na faini zake, na kutembea kwa kampuni, kulikuwa kumepita mbuzi zote tatu na zizi juu yake. Kumwonya mama mwenyewe, hawezi, utaanzia wapi kumwambia mama mkwe habari ya deni. Kumwambia Ndila aliogopa, kwa sababu Ndila angesema acha kazi, na Jumamosi ingekufa. Akapata njia ambayo ilionekana nzuri, vile njia mbaya zinaonekananga. Angefunga hilo duka la kwanza kabisa, alfajiri, kabla mama hajatoka kwake nyumbani kuja sokoni. Mama angekuta kufuli na stika ya kampuni, na kampuni haina sura. Jumamosi ntheo ingepokelewa. Baada ya hapo, akiwa mkwe kamili, angelipa hilo deni pole pole na kufungua, na hakuna mtu angejua ni mkono wa nani.

Walifika na pikapu jua halijatoka. Duka lilikuwa moja, mlango wa bati mbele, na chumba kidogo nyuma cha kuweka magunia, chenye kadirisha kamoja. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, komeo halijafungwa kwa nje. Muindi akaona hilo akasema moyoni, mama amezeeka, amesahau kufunga. Hata akamhurumia.

"Sheria ni kuangalia ndani kwanza," Kaloki akasema kutoka kwa pikapu, simu iko sikioni. "Chungulia hapo nyuma."

"Kwa mama mkwe sichungulii."

"Basi uliza kuna mtu."

"Kuna mtu?" Muindi akasema. Alisema chini chini, kwa sababu hakutaka majirani waamke. Ndani kitu kikagonga beseni. Panya, akasema. Akangoja kidogo, akiwa amegeuza uso aangalie barabara, kama mkwe mwenye adabu.

"Hakuna mtu," akasema. Akapiga komeo, akatia kufuli, akabandika stika.

Sasa sikia kile hakujua. Mama Ndila alikuwa na nyonga mbaya, na njia ya kutoka kwake mpaka sokoni ilikuwa imemshinda. Tangu kiangazi alikuwa anatandika godoro pale nyuma kati ya magunia, anaenda nyumbani Jumapili tu. Asubuhi hiyo alikuwa ameamka mapema, akafungua komeo la ndani atoke aoge, akarudi kuchukua maji. Alikuwa na gaguro peke yake, ameinamia beseni, wakati alisikia sauti ya mkwe wake mlangoni.

Mwanamke mwingine angepiga kelele. Yeye alikaa chini nyuma ya magunia akashika pumzi. Ile sauti ndogo iliuliza kama kuna mtu, na kwa umri wake wote hakuwa amefundishwa namna ya kujibu mkwe akiwa hivyo. Alingoja iondoke. Kufuli ikalia. Na ile sauti haikuondoka. Ilienda mlango wa pili, wa tatu, ikapata kipaza sauti, na siku nzima ikawa inazunguka soko la Matinyani ikiuza watu kama mbuzi. Akiita jirani, jirani ataita mwenye ufunguo. Mwenye ufunguo ni nani? Kwa hivyo akanyamaza. Akavaa, jua likapanda, bati likawaka, akavua tena. Hakukuwa na choo, kulikuwa na beseni.

Mchana, mwanamke wa kinu cha posho alisikia mtu anakohoa ndani ya ukuta. Wanawake wakajaa. Mmoja akasema leteni nyundo, mwingine akasema hiyo ni kufuli ya Kupe, ukiivunja nawe unaingia kwa deni. Mwishowe, vile mama alivyokuwa ameogopa, mtu akakimbia akamwita Muindi.

Alikuja akiwa bado ameshika kipaza sauti. Akaona wanawake, akaona mlango, akasikia kikohozi. Akasogea na ufunguo.

"Simama hapo," mwanamke wa kinu akamwambia. "Weka chini."

Akaweka ufunguo kwa mchanga. Kutoka ndani, sauti kavu, ndogo, ikasema, "Aende kwanza."

Hiyo tu. Hakutukana, hakulia. Muindi akageuka akaenda, na wanawake wakampisha njia pana kuliko inayohitajika, kama mtu aliyebeba ugonjwa. Angelipa chochote watukane.

Jioni hiyo hiyo komisheni ya Matinyani iliingia kwa simu yake, yote, bila kuchelewa. Akampigia Kaloki.

"Mama amefunguliwa. Deni lake mtalifanya nini?"

"Amefunguliwa kabla ya kulipa," Kaloki akasema. "Hapo kuna ada ya kufungua. Inaongezwa."

"Kaloki, alikuwa ndani."

"Nimesikia. Nimesikitika, kweli. Nilikwambia uchungulie."

Alipofika Mwingi, Ndila alikuwa anafunga nguo za wasichana kwa shuka. Simu ilikuwa imefika kabla yake.

"Sikujua analala huko," Muindi akasema.

"Ungejuaje? Nikwambie mwaitu analala wapi, wewe ni nani yake wa kuambiwa?"

"Niliambiwa nichungulie nikakataa. Ilikuwa heshima, Ndila."

"Heshima." Akakaza fundo. "Kwa heshima ukamfungia. Umekaa nami miaka hii yote unaongea usiku na mchana. Siku moja ya kusema jambo kwa nguvu, ati kuna mtu ndani, ukanong'ona."

Wasichana wakabeba shuka. Ndila akapita karibu na mabeberu wawili, hakuwaangalia.

Mtu mwingine angekaa nyumbani. Muindi alirudisha koti la kampuni, akaenda kwa Abdulatif na ile komisheni, akamchukua mbuzi mweupe. Abdulatif alikuwa amesikia yote. Alihesabu pesa, akarudisha noti moja.

"Ya nini?"

"Ya gari ya mbuzi," Abdulatif akasema. "Nenda tu. Ukikaa ni mbaya zaidi."

Jumamosi akaenda Matinyani. Mtu haendi na ntheo peke yake, kwa hivyo alimchukua ami yake Mwangangi, mzee wa watu ambaye masikio yaliisha zamani na sasa anasikia kile anapenda. Walikaribishwa viti nje. Mbuzi tatu zikafungwa mbele, beberu wawili na jike mweupe, zimenona kweli, hazikuhitaji dalali. Mama Ndila hakuonekana. Alikuwa nyuma ya nyumba, na walimsikia akikohoa, kikohozi kile kile.

Mzee Nzau alikuwa mtu wa maneno machache. Aliziangalia mbuzi kwa muda mrefu, akashika mmoja sikio, akaachilia.

"Mbuzi ni nzuri," akasema.

"Asante mzee."

"Hii ya kwanza ni faini. Umemwona mama yako, au hukumwona, lakini soko lote limejua alikuwa hali gani, na ni wewe ulifunga. Hii ya pili ni ya wazee walioitwa kukaa hapa kwa ajili ya makosa yako. Wametembea. Hii nyeupe itachinjwa kusafisha pale ulipomfungia, mama apate kuingia tena."

Muindi akangoja. Mzee akawa amemaliza.

"Na ntheo, mzee?"

"Ntheo haijaguswa. Iko pale pale." Nzau akamwangalia bila hasira. "Nilidhani utaelewa haraka kuliko mtu mwingine. Nimeambiwa hivi ndivyo mnahesabu huko kwenu. Faini kwanza, halafu waliotembea, na ikibaki, deni."

Muindi akaangalia mbuzi. Alikuwa ameeleza hiyo hesabu kwa watu wengi, na kwa wote alikuwa na jibu wakilalamika. Ami Mwangangi alikuwa anatabasamu huku na huku, anafurahia mandhari.

Ndila akatoka jikoni. Akazifungua mbuzi moja moja, akazipeleka nyuma, akarudi na zile kamba tatu za mkonge amezikunja vizuri. Akampa.

"Shika. Utahitaji ukipata zingine."

"Sina kazi, Ndila. Sokoni hakuna mtu ataniachia mbuzi yake nimuuzie. Zingine nitatoa wapi?"

Ndila alikuwa ameshika tumbo pale palipokatwa, anaangalia chini, udongo mwekundu wa kwao, umefagiwa.

"Lile swali nilikuuliza hospitali," akasema, "usijisumbue nalo tena. Nimejibiwa."

Akarudi ndani.

Walitembea kwenda barabarani, Muindi na kamba tatu mkononi, ami yake nyuma na fimbo. Walipofika kwenye lami mzee akamvuta shati.

"Zimepokelewa?"

Muindi akaangalia kamba. "Zimepokelewa, ami."

"Zote?"

"Zote."

"Basi ni mke wako sasa," Mwangangi akasema, akamshika mkono kwa mikono miwili, akautingisha, akautingisha tena, na Muindi akamwacha autingishe.